KIKOKOTOO CHA BABA MDOGO: JINSI YA KUPIGA HESABU YA KUSTAAFU NA KODI UKIWA KAFE

Leo naomba tuweke pembeni mpira na Bongo Fleva kidogo, kuna ishu nzito nataka kuwamegea. Najua wengi mtasema "kustaafu ni mambo ya wazee, sisi hata ajira hatuna". Subirini kwanza, someni mpaka mwisho, halafu mnishambulie hapo chini kwenye maoni.

Wiki mbili zilizopita nilikuwa kafe hapa Tabora mjini, jirani na stendi, mara akaingia baba yangu mdogo. Ni mwalimu wa shule ya msingi, amefundisha miaka thelathini. Nikamwamkia, shikamoo baba, akaitikia marahaba huku anavuta kiti. Akaniambia, "Mwanangu, wewe si unajua hii mitambo? Hebu nitazamie mafao yangu. Jumamosi natakiwa kupeleka kishika uwanja cha milioni mbili."

Kishika uwanja cha nini? Cha mashine ya kukoboa mpunga. Kuna mtu anaiuza milioni 40. Hesabu ya baba mdogo ilikuwa kwenye karatasi aliyoikunja mara nne mfukoni: mafao milioni 71 na ushee, atoe 40 za mashine, atoe 12 amalizie nyumba, atoe 6 alipe mkopo uliobaki benki, na bado atabaki na milioni 13 za kula bila wasiwasi. Karatasi nzuri kweli. Tatizo ni moja tu, ilikuwa imeandikwa kwa kanuni ya zamani.

KANUNI ILIVYOBADILIKA

Wadau, hapa ndipo watu wengi wanapopotea, kwa hiyo twende taratibu.

Zamani watumishi wa Serikali Kuu walikuwa PSPF, wa halmashauri wengi LAPF, na kulikuwa na PPF na GEPF. Mifuko hiyo minne ikaunganishwa kuwa PSSSF, ambao ulianza kazi tarehe 1 Agosti 2018. NSSF ikabaki na sekta binafsi pamoja na watu waliojiajiri.

Mwanachama wa PSPF au LAPF alikuwa anachukua asilimia 50 ya pensheni yake kwa mkupuo. Mwenzake wa PPF au NSSF alikuwa anachukua asilimia 25. Mwaka huo wa 2018 zikatoka kanuni mpya za kuwaweka wote kwenye 25, wafanyakazi wakapiga kelele nchi nzima, na tarehe 28 Desemba 2018 Rais Magufuli akazisimamisha. Kimya kikapita, halafu tarehe 1 Julai 2022 kikaanza kikokotoo kipya cha asilimia 33 kwa wote. Malalamiko hayakuisha. Kwenye hotuba ya bajeti ya Juni 2024 Serikali ikatangaza kwamba waliokuwa kundi la 50 watapata 40, na waliokuwa kundi la 25 watapata 35.

Kwa nini Serikali haikurudi tu kwenye 50? Sababu kubwa ni kwamba mfuko ulikuwa umeelemewa. Watumishi wa kabla ya 1999 walikuwa hawachangii PSPF, lakini walipostaafu walilipwa na mfuko huohuo kana kwamba walichangia. Deni hilo lilikuwa la Serikali, na Desemba 2021 ikatoa hati fungani maalum ya zaidi ya trilioni 2 kulipunguza. Kwa hiyo usije ukasikia mtu kijiweni anasema hela "zimeliwa" ukadhani ndiyo maelezo yote.

Baba mdogo alikuwa anajua mambo ya 33 na 40 kwa kusikia redioni. Lakini karatasi yake alinakili kwa rafiki yake aliyestaafu mwaka 2015. Si unajua tena, mtu akishafurahia namba hataki kuigusa.

HESABU YENYEWE

Hauhitaji programu ya kulipia. Fungua Excel au jedwali lolote la bure la mtandaoni, uandike hivi:

B1: miezi uliyochangia. Baba mdogo ana 360.

B2: wastani wa mshahara wako wa mwaka. Angalia hapa vizuri! Hautumii mshahara wa mwisho. Unatumia wastani wa miaka mitatu iliyo bora ndani ya miaka kumi ya mwisho. Kwake ilikuwa 1,080,000, ikapanda 1,160,000, ikapanda 1,240,000. Wastani ni 1,160,000 kwa mwezi, yaani 13,920,000 kwa mwaka.

B3: asilimia ya mkupuo. Alikuwa PSPF, kwa hiyo 40%.

B4: andika =B1*B2/580. Hiyo ndiyo pensheni kamili ya mwaka. Inatoka 8,640,000.

B5: andika =B4*B3*12.5. Huo ndio mkupuo. Inatoka 43,200,000.

B6: andika =B4*(1-B3)/12. Hiyo ndiyo pensheni ya kila mwezi. Inatoka 432,000.

Basi, mistari sita tu. Mimi niliishia kidato cha nne na hesabu nilipata D, lakini hii nimeiweza, na wewe utaiweza. Kama uko kundi la waliokuwa PPF au NSSF, badilisha B3 iwe 35%. Kwa mshahara uleule mkupuo unakuwa 37,800,000 na pensheni ya mwezi 468,000.

Kanuni ya zamani aliyoinakili ilikuwa inagawanya kwa 540, asilimia 50, na kuzidisha kwa 15.5. Ukiweka mshahara uleule unapata 71,920,000 kwa mkupuo na 386,667 kwa mwezi. Kumbe karatasi yake haikuwa ya uongo. Ilikuwa ya wakati mwingine.

Tofauti ni milioni 28 na laki saba. Wadau, nilimwangalia mzee wangu akitazama kioo cha kompyuta. Hakusema kitu kwa muda, mpaka jamaa wa kafe akaja kuuliza kama tunaongeza muda. Halafu akasema taratibu, "Kwa hiyo siku zote hizi nilikuwa nahesabu hela ya mtu mwingine."

HIYO 12.5 NI NINI?

Ni miaka. Kila shilingi ya pensheni ya mwaka unayokubali kuiachia, unalipwa leo kwa mkupuo kana kwamba ungeipokea kwa miaka 12 na nusu. Jaribuni wenyewe: badala ya 40% weka 33%. Mkupuo unashuka kwa 7,560,000 na pensheni ya mwezi inapanda kwa 50,400. Gawanya 7,560,000 kwa 50,400, unapata miezi 150. Miaka 12 na nusu ileile.

Maana yake, anayestaafu na miaka 60 akaishi zaidi ya 72 na nusu, ile ya mwezi inamlipa zaidi kuliko mkupuo. Akifariki mapema, mkupuo ulikuwa na faida zaidi. Simwambii mtu afurahi au achukie kikokotoo, nasema tu ujue unachobishania kabla ya kubisha.

KODI SASA

Hapa nakumbuka misafara ya zamani. Tabora yetu ilikuwa kituo kikuu cha njia ya kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji, Wazungu wa mwanzo waliiandika Kazeh. Burton na Speke walitoka pwani Juni 1857 wakafika hapa tarehe 7 Novemba, zaidi ya siku 130 njiani. Kiongozi wa msafara alibeba merikani na shanga, ndiyo ilikuwa hela yake. Na kabla ya kutoka alitakiwa apige hesabu mbili: posho ya wapagazi mpaka safari iishe, na hongo. Siku hizi hongo ni rushwa, lakini zamani ilikuwa kodi ya njia, unamlipa mtemi ndipo unapita. Pale Ugogo penye shida ya maji hongo ilikuwa kubwa. Msafara usiohesabu hongo uliishiwa kitambaa kabla ya kufika, hata kama ulitoka pwani na mizigo kibao.

Kustaafu ni vilevile, unahesabu posho na unahesabu hongo ya halali.

Tuanze na anachokatwa sasa. Tovuti ya TRA ina kikokotoo cha PAYE, unaingiza mshahara kinakuletea kodi. Lakini mjue kinavyofikiri. Kwa viwango vya Tanzania Bara vilivyoanza Julai 2021, mpaka 270,000 kwa mwezi hulipi kitu. Kinachozidi hapo mpaka 520,000 ni 8%. Mpaka 760,000 ni 20,000 jumlisha 20% ya kinachozidi 520,000. Mpaka milioni moja ni 68,000 jumlisha 25% ya kinachozidi 760,000. Juu ya milioni ni 128,000 jumlisha 30% ya kinachozidi. Na mchango wa mfuko unatolewa kwanza ndipo kodi ipigwe.

Baba mdogo mshahara ni 1,240,000. Mchango wa PSSSF asilimia 5 ni 62,000 (mwajiri anaongeza 15). Inabaki 1,178,000 ya kupigia kodi: 128,000 jumlisha 30% ya 178,000, jumla 181,400. Bima ya afya 3% ni 37,200. Chama cha walimu 2% ni 24,800. Mkononi, kabla ya mkopo, inabaki 934,600.

Kosa la watu wengi ni kulinganisha pensheni na mshahara wa kwenye barua. Linganisha na kinachofika mkononi. Kutoka 934,600 kwenda 432,000 ni chini ya nusu. Inauma, ila ndiyo ukweli unaotakiwa kuupanga.

Na kodi haiishi siku ya kustaafu. Ukiweka hela benki, riba inakatwa 10%. Mfano tu, milioni 20 kwa riba ya 8% inaleta 1,600,000 kwa mwaka, ikikatwa kodi inabaki 1,440,000, yaani 120,000 kwa mwezi. Ukipangisha nyumba, kodi ya zuio kwenye pango nayo ni 10%. Weka hizo kwenye jedwali kabisa.

Ukifungua duka je? Hapa sikilizeni vizuri hata nyie vijana wenye biashara ndogo. Kwa utaratibu wa makadirio kwa wafanyabiashara wadogo, mauzo yasiyozidi milioni 4 kwa mwaka hayalipi. Kati ya milioni 4 na 7, asiyetunza kumbukumbu analipa 100,000. Anayetunza analipa 3% ya kile tu kinachozidi milioni 4. Ukiuza milioni 5 kwa mwaka, mwenye daftari analipa 30,000, asiye na daftari analipa 100,000. Daftari la shilingi elfu mbili linakuokolea elfu sabini! Bajeti inasomwa kila Juni, kwa hiyo kila Julai ingia tovuti ya TRA ukague kama viwango vimeguswa.

POSHO ITAFIKA WAPI?

Hii ndiyo sehemu niliyoipenda. Tulitoa mashine ya kukoboa kwenye hesabu kwanza. Milioni 43.2, toa 12 za kumalizia nyumba, toa 6 za mkopo, zinabaki 25.2.

Nikamuuliza, nyumbani mnatumia shilingi ngapi kwa mwezi? Akasema laki nne. Nikamwambia baba, taja kimoja kimoja. Unga, mchele, mkaa, umeme, maji, dawa za presha za mama, ada ya mdogo wetu aliye sekondari, michango ya harusi na misiba, vocha. Ikatoka laki saba. Tukacheka wote wawili, ila kicheko cha uchungu.

Laki saba toa pensheni 432,000, pengo ni 268,000 kila mwezi. Gawanya 25,200,000 kwa 268,000: miezi 94. Miaka saba na miezi kumi. Yaani akiwa na miaka 67 kwenda 68 akiba imekauka, na bado ana nguvu za kutembea mpaka sokoni.

Tukabana matumizi yawe laki sita. Pengo 168,000, hela inafika miezi 150, miaka 12 na nusu. Tukaongeza kiduka kinachobakiza faida ya laki moja kwa mwezi baada ya kodi. Pengo linabaki 68,000, na hela inafika miezi 370, zaidi ya miaka 30. Mnaona wadau? Mkupuo haukuongezeka hata shilingi. Ni pengo la mwezi ndilo lilipungua.

Halafu bei nazo zinapanda. Zikipanda 4% tu kwa mwaka, hiyo 432,000 baada ya miaka kumi itanunua vitu vya kama 292,000 vya leo. Ndiyo maana hela isilale yote chini ya godoro. Kuna akaunti za muda maalum, kuna hati fungani za Serikali, kuna mifuko ya UTT AMIS. Linganisheni wenyewe baada ya kodi.

TAHADHARI

Moja, kabla ya kukokotoa hakiki miezi. PSSSF wana programu ya simu inaitwa PSSSF Kiganjani, unaona michango yako. NSSF nao wana njia za mwanachama kuangalia taarifa zake mtandaoni. Mwezi ambao haukuonekana ufuatilie ukiwa bado kazini, mwajiri yupo na hati za mshahara zipo. Wazee wa Jumuiya ya Afrika Mashariki iliyovunjika 1977, wakiwemo wa reli, walidai mafao miaka na miaka. Jifunzeni kwao.

Mbili, kikokotoo hakihitaji neno lako la siri wala namba ya siri ya simu. Ukurasa ukiuliza hivyo, funga. Ukiwa kafe usisahau kutoka kwenye akaunti yako, na futa faili ulilohifadhi.

Tatu, mstaafu mwenye mkupuo ananukia kama asali, nyuki wote wanakuja. Akipigiwa simu kwamba atume "hela ya kuharakisha faili", ni tapeli. Akiambiwa apande leo avune mara mbili, mkumbusheni DECI, iliyofungiwa na Serikali mwaka 2009 watu wakiwa wamelizwa.

NA SISI VIJANA JE?

Pensheni ya kila mwezi inahitaji angalau michango ya miezi 180, miaka 15. Kustaafu kwa hiari ni 55, kwa lazima 60. NSSF inapokea waliojiajiri: bodaboda, fundi simu, mama ntilie, hata mwanablogu asiye na mbele wala nyuma kama mimi. Kwenye ile kanuni kuna vitu viwili tu unavyoweza kuvisukuma, mshahara na miezi. Mshahara hatuushiki, ila miezi tunaweza kuianza mapema.

Miembe mikubwa ya hapa mjini, inasemekana mingi ni mbegu za enzi za misafara. Aliyedondosha ile mbegu hakujua nani atakaa kivulini. Wewe una bahati, unajua ni wewe mwenyewe.

Baba mdogo? Jumamosi hakupeleka ile milioni mbili. Mwenye mashine amenuna, na mzee mwenyewe hajafurahi, alishaanza kumtafutia kijana wa kuiendesha. Ila jana nimemkuta na daftari jipya, anaandika matumizi ya nyumbani kila siku mpaka kiberiti. Kaniambia, "Nataka nijue laki saba inakwenda wapi." Na ile karatasi ya zamani ameichana.

Nawasilisha wadau. Mwenye mzee wake anayekaribia kustaafu, mkamate leo umwingizie mistari sita. Kama nimekosea hesabu mahali, nirekebisheni hapo chini, ila bila matusi jamani!